Funga daftari kwanza: mwaka wangu wa kwanza wa sheria

Mwaka wa kwanza wa sheria unakuletea makaratasi kabla hujajua hata njia ya kwenda kantini. Kila mwalimu anaingia na kozi autilaini yake, chini ya kila mada kesi tano au sita, na huku grupu la wasapu la darasa limeshajaa madesa ya watu waliohitimu zamani: notisi za mkono zilizopigwa picha, mitihani ya miaka ya nyuma, muhtasari wa kesi ambao hakuna anayejua aliuandika nani. Unapakua vyote. Simu inalalamika kwamba nafasi imejaa, unafuta picha za nyumbani upate pa kuweka mafaili mengine, na moyoni unajiona umeshasoma.

Mimi nimetokea Tanga mjini, na kidato cha tano na sita nilikisoma bweni, mchepuo wa HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Bweni mtu hapangi muda wake, kengele ndiyo inayopanga. Kuna ya kuamka, ya paredi, ya chakula, ya prepo, kisha matroni anapita na tochi kuhakikisha mmelala. Chuo nilichokwenda Dar es Salaam hakikuwa na hata moja ya hizo. Jumatatu nina kipindi saa mbili hadi saa nne asubuhi, halafu hakuna kitu mpaka saa kumi jioni. Nilipokaa kujumlisha mihadhara na semina zote za wiki, hazikufika saa ishirini. Muda mwingine wote ulikuwa wangu, na hakuna ambaye angeniuliza nimeufanyia nini hadi siku ya testi.

Wazee wetu wanaamini mwanafunzi wa chuo anapotelea kwenye starehe. Wapo, lakini niliowaona mimi wengi walipotelea kwenye kusubiri. Unasubiri kipindi cha saa kumi. Unachaji simu, unapanga foleni ya fotokopi, unamsindikiza mwenzako ofisi ya mikopo, unarudi, mnakaa kivulini mnasema "tukapige msuli", yaani tukasome, mnacheka, saa kumi inafika. Jioni umechoka kana kwamba umeshinda shambani, na kitabu hakijafunguliwa.

Kwa hiyo nilianza na muda mmoja tu usiobadilika: baada ya swala ya alfajiri mpaka watu waanze kupita kwenda kwenye vipindi. Nilikuwa nakwenda kwenye vimbweta, zile meza za zege na mabenchi yake chini ya miti, na kuchagua kile kilicho karibu na taa. Asubuhi ile hakuna jua kali, hakuna muziki wa vyumba vya jirani, na umeme ukikatika nusu saa baadaye kunakuwa kumeshapambazuka. Chumbani tulikuwa tunabebana, vitanda viwili na watu zaidi ya wawili, kwa hiyo kusoma humo ilikuwa ni kumuomba mtu asogeze mguu. Sikuwa na ratiba ya rangi ukutani kama mwenzangu mmoja aliyetoka Bukoba. Yake ilikuwa nzuri sana, imegawanywa kila nusu saa, na ilidumu mpaka siku maji yalipokatika hosteli.

Lakini muda ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni unafanya nini ukishakaa.

Wengi wetu tulikuwa tunafanya kitu kimoja: kusoma desa kutoka juu hadi chini, kupiga mstari kwa kalamu ya rangi, kisha kusoma tena. Mara ya tatu maneno yanakuwa mepesi, macho yanateleza, na unajiambia "hii naijua." Hapo ndipo nilipokumbuka madrasa.

Maalim wetu pale Tanga hakuwa na habari na mtoto aliyesoma mara ngapi. Unafika mbele yake na msahafu, unampa, unakaa kwenye mkeka, unasoma kwa kichwa. Ukikwama hasemi kitu. Anagonga mkeka kwa kidole mara moja na kungoja. Ule ukimya ndio uliokuwa mgumu, kwa sababu unasikia wenzako nyuma wanapumua na aya unaijua iko ukurasa wa kulia, chini, lakini haitoki. Ukiitoa mwenyewe baada ya kuhangaika, haipotei tena. Ukishindwa, unarudi nyuma kabisa ya mstari. Na kabla hujapewa somo jipya unasomeshwa la jana, na kabla ya mapumziko ya Ijumaa mnarudia ya wiki nzima. Juzuu Amma niliyoihifadhi nikiwa darasa la tatu naisoma mpaka leo bila kufungua kitabu, wakati topiki nzima za kidato cha nne, nilizozisoma usiku wa kuamkia mtihani, zimekwenda na upepo.

Nilidhani hayo ni mambo ya dini tu, mpaka mwalimu wa somo la stadi za mawasiliano alipotupa makala za kusoma kuhusu kumbukumbu. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe: alikariri silabi zisizo na maana, kisha akapima zinapotea kwa kasi gani. Zinapotea haraka mno siku ya kwanza, halafu upotevu unapungua kasi. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa chuo kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi habari fupi za kusoma. Kundi moja lilisoma kwa vipindi vinne mfululizo. Jingine lilisoma kipindi kimoja, kisha mara tatu likaandika linachokumbuka bila kuangalia. Walipopimwa baada ya dakika tano, wasomaji wa vipindi vinne waliongoza kwa asilimia 83 dhidi ya 71. Walipopimwa baada ya wiki, mambo yaligeuka: waliosoma tu walikumbuka asilimia 40, waliojipima asilimia 61.

Na waliosoma tu ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka. Hilo lilinikaa kuliko zile namba, maana nilikuwa naliona kila siku kwenye grupu letu. Anayejiamini kuliko wote kabla ya testi ni yule aliyepiga mistari desa zima.

Sasa niseme hasa nilivyolifanya kwa sheria, kwa sababu ushauri wa "jipime" ni mwepesi kutamka na mgumu kuushika.

Chukua kesi ambayo kila mwanafunzi wa sheria ya mikataba anakutana nayo wiki za mwanzo, Carlill dhidi ya Carbolic Smoke Ball. Nilikuwa naisoma mara moja, taratibu, na penseli, bila kuandika notisi. Kisha nafunga. Nachukua karatasi tupu na kuandika ninachokumbuka: nani, nini kilitokea, mahakama iliulizwa swali gani, ilijibu nini, kwa nini. Karatasi yangu ya kwanza ilisema hivi, kwa ufupi: kampuni ya London ilitangaza gazetini kwamba atakayetumia kifaa chake cha kuvuta moshi mara tatu kwa siku kwa wiki mbili, kisha akapata mafua makali, atalipwa pauni 100. Bi Carlill akanunua, akatumia, akaugua, akadai. Kampuni ikasema lile lilikuwa tangazo tu, mbwembwe za biashara. Mahakama ya rufaa ya Uingereza ikampa ushindi mama wa watu mwezi Desemba 1892.

Halafu unafungua na kusahihisha kwa kalamu nyekundu. Nyekundu yangu ilikuja mahali pamoja: tangazo lilisema pia kwamba kampuni imeweka pauni 1,000 benki kuonyesha haifanyi utani. Nilikuwa nimekisoma kile kipande, na kimepita kama pambo. Kumbe hapo ndipo majaji walipoegemea kusema kampuni ilikusudia kweli kujifunga kwa ahadi yake. Ukiiondoa ile pauni 1,000, hoja ya mbwembwe inapata nguvu. Desa lilikuwa nayo, mstari wa nne, imepigwa rangi ya njano kabisa. Njano haikuwa imenieleza kwa nini iko pale. Nyekundu ilinieleza.

Hizo karatasi sikuzitupa. Niliziweka kwenye bahasha ya kaki, kila somo na yake. Siku ya pili nachomoa ile ya jana, naisoma kichwa cha habari tu, naielezea kwa mdomo, kisha ndiyo naangalia. Baada ya wiki tena. Baada ya hapo nilikuwa nachomoa bila mpangilio, mwishoni mwa juma, yoyote itakayokuja mkononi. Iliyotoka bila shida inarudi chini ya bahasha. Iliyonikwamisha inabaki juu. Hakuna programu ya simu hapo, ingawa zipo za kazi hiyohiyo na rafiki zangu wa udaktari wanazipenda. Mimi simu nikiishika kwa kesi moja, naibuka baadaye nikiwa najua harusi ya nani ilikuwa Jumamosi.

Kuna kitu madrasa haikunipa, na ni haki nikiseme. Mtihani wa sheria haukuombi ukitaje kifungu. Unakupa mkasa.

Hilo nililijua kwa kaka mmoja wa mwaka wa tatu, mtu wa Mbeya, aliyekuwa na tabia ya kukaa kimbweta cha jirani asubuhi. Siku moja alinisikia najisomea kwa sauti, akageuka.

"Mdogo wangu, nipe kifungu cha 10 cha Sheria ya Mikataba."

Nikampa, Sura ya 345, makubaliano yote ni mkataba yakifanywa kwa ridhaa huru ya watu wenye uwezo wa kufunga mkataba, kwa malipo halali na kusudi halali. Nilimpa kwa Kiingereza, neno kwa neno, kama Amma.

"Safi. Sasa kijana wa miaka 17 kachukua bodaboda kwa mkopo Mbagala. Mwezi wa pili kapata ajali, pikipiki imekwisha, tajiri anadai hela zake. Kifungu chako kinasemaje?"

"Hana uwezo wa kufunga mkataba, kaka. Hajafika miaka 18."

"Kwa hiyo tajiri ale hasara?"

"Ndiyo."

"Na kama alimdanganya umri? Na kama ile bodaboda ndiyo inayowalisha mama yake na wadogo zake, utasema ni anasa au ni hitaji la lazima?"

Nikanyamaza. Hakunipa jibu. Alirudi kwenye kitabu chake, na nusu saa baadaye akapita akauliza tu, "Bado?" Nilikuwa nimeshafungua sheria yenyewe, natafuta vifungu vya watu wasio na uwezo na mahitaji ya lazima, na kwa mara ya kwanza nilikuwa nasoma sheria nikiwa na shida nayo.

Tangu hapo nyuma ya kila karatasi ya kesi niliandika mkasa wa kubuni, wa hapahapa kwetu. Carlill nyuma yake ikawa ni mganga aliyebandika tangazo kwenye nguzo Manzese kwamba asiyepona atarudishiwa hela mara mbili. Je, ni ofa? Kaweka hela mahali? Aliyesoma tangazo amekubali lini? Ukibadilisha jambo moja kwenye mkasa, jibu linageuka, na hapo unajua kama umeielewa sheria au umeikariri. Mitihani ya miaka ya nyuma, ile iliyorundikwa kwenye grupu, ndiyo desa pekee niliyoona ina thamani, na thamani yake iko kwenye maswali. Yale majibu yaliyoambatanishwa mara nyingi ni ya mtu aliyekuwa na haraka.

Jambo la lugha nalo lazima niliguse, maana watu wanaona aibu kulisema. Tunafundishwa kwa Kiingereza, tunajibu mtihani kwa Kiingereza, lakini mimi nafikiri kwa Kiswahili. Kujieleza kwa Kiingereza jambo nisilolielewa kulinipa sentensi zilizonyooka zisizo na kitu ndani. Kwa hiyo hatua ya kwanza nilijieleza kwa Kiswahili cha nyumbani, kama ninayemweleza mama aliyeuliza "kwani huyo Bi Carlill alikuwa na kesi gani?" Ikishanyooka, naiandika kwa Kiingereza cha sentensi fupi. Hatua hiyo ya pili hairukwi, kwa sababu mtihani hautakungoja utafsiri. Wapo walioona ni ushamba. Lakini mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, kwa hiyo anayejua kueleza hoja zote mbili, ya mdai na ya mdaiwa, kwa Kiswahili kinachoeleweka, hajapoteza muda wake hata kidogo.

Diskasheni je? Hapo nina maneno makali kidogo. Kundi la watu kumi na wawili linalokutana usiku wa kuamkia testi ni baraza la kahawa. Anaongea mmoja, wawili wanabishana, waliobaki wamekuja kula desa kwa masikio. Letu lilifanya kazi tulipobaki wanne na kukubaliana kwamba hakuna anayekuja mikono mitupu: kila mtu anakuja na mkasa mmoja aliouandika mwenyewe, na anayeulizwa hajibu akiwa ameshika karatasi. Binti wa Bukoba, yule wa ratiba ya rangi, ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Ukianza kuchungulia anafunga daftari lako na kuliweka chini ya paja lake. Tuligombana naye mara kadhaa na bado ni shosti yangu.

Kula na kulala watu huviweka mbali na habari za kusoma, na mimi sivitenganishi. Bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, likitoka, wiki ya kwanza kila mtu ni chipsi kuku. Likikaribia kwisha, watu wanapiga pasi ndefu, unakula wali maharage saa tisa kwa mama ntilie na hapo umefunga hesabu mpaka kesho. Ukipiga pasi ndefu kisha ukataka kusoma saa mbili usiku, unasoma kichwa kikiwa kimeshalala. Niligawa hela kwa wiki siku ileile ilipoingia, na ya wiki ya mwisho nikamkabidhi dada yangu anayeishi Temeke. Ilinibidi nimpigie simu kuiomba, na kule kuona haya tu kulitosha kuilinda. Kukesha pia niliacha mapema. Wiki ya UE, ule mtihani wa mwisho wa muhula, usiku maktaba imejaa watu wamevaa makoti na soksi, wanakunywa kahawa, na asubuhi kwenye chumba cha mtihani unawaona wanaisoma karatasi ya maswali mara tatu kabla haijaingia. Kwetu kozi weki, yaani testi na kazi za muhula, ni alama 40 na UE ni 60. Mtihani wa alama 60 mimi siwezi kuufanya kwa macho mekundu.

Siku zisizo na vipindi, chuo kikiwa na kelele, nilikuwa nachukua daladala hadi Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Jengo lile lilifunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 1967. Nilienda kwa sababu pale hakuna anayenijua, kwa hiyo hakuna wa kunisalimia. Hukumu nilikuwa nimeshazipakua kutoka TanzLII, ambako hukumu za mahakama zetu zinapatikana bure, na simu naiweka kwenye begi ikiwa imezimwa data. Kusoma hukumu yenyewe badala ya muhtasari wake kunachosha mwanzoni. Nyingine inakwenda kurasa arobaini kwa hoja moja ya muda wa kukata rufaa. Lakini ndipo unapoona jaji anavyoikataa hoja nzuri, jambo ambalo muhtasari hauwezi kukuonyesha.

Si kila kitu kilifanya kazi. Kurekodi mihadhara kwa simu nilikuacha, kwa sababu hakuna siku nilipata saa mbili za kusikiliza tena saa mbili zilezile. Kusoma nikitembea, kama afanyavyo mwenzangu mmoja anayezunguka uwanja wa mpira na karatasi mkononi mpaka walinzi wanamjua kwa jina, mimi kunanitia kizunguzungu, ila yeye ana GPA ya kwake nzuri tu na sina la kumwambia. Na zipo kozi ambazo mkasa hauandikiki, kama zile za nadharia za maendeleo. Huko bahasha ya kaki ilinisaidia kukumbuka nani alisema nini, basi, na insha niliiandika kama kila mtu anavyoiandika, kwa kufuta na kuandika upya.

Mwaka huu wa tatu tuna Sheria ya Ardhi, na zile sheria mbili za mwaka 1999, ya Ardhi na ya Ardhi ya Vijiji, ni nene kweli. Kundi letu la wanne limebaki watatu, mmoja kahamia mkondo mwingine. Kesho alfajiri ni zamu yangu kuleta mkasa. Nimeandika wa mzee wa Handeni aliyemuuzia mgeni kutoka mjini ekari za ukoo, halmashauri ya kijiji haikujua, na mgeni ameshapanda mikorosho. Binti wa Bukoba ameomba awe upande wa mgeni, na ameshaniuliza kama mzee alipewa hati ya kimila au la. Sijamjibu.